Mvinyo mwekundu wa Bonde la Rhône kwa bei inayobebeka: mwongozo kamili wa mnunuzi

Ukisimama Roquemaure, mji mdogo ulio ukingoni mwa mto Rhône kusini mwa Ufaransa, ng'ambo ya maji ni upande wa Châteauneuf-du-Pape. Nyuma yako kuna mashamba ya Lirac. Mawe ni yaleyale, ya mviringo, mengine makubwa kama nazi iliyofuliwa. Zabibu ni zilezile na upepo ni uleule. Wapo hata wakulima wenye mashamba pande zote mbili, asubuhi wanapogoa huku, mchana wanavuka daraja kupogoa kule. Ukifika dukani sasa: chupa nzuri ya ng'ambo inaanzia kama euro 30, na ya huku unaipata kwa 12 hadi 16.

Tofauti hiyo sehemu kubwa ni jina. Nilivuna zabibu maeneo hayo misimu miwili nikiwa mwanafunzi Avignon, na somo nililopata kwa wavunaji wenzangu, watu wasio na hela kama mimi lakini wenye midomo migumu kuridhika, lilikuwa kwamba mtu anaweza kunywa vizuri sana akiacha kulipia jina na kuanza kulipia shamba. Nitakuonyesha namna ya kufanya hivyo, kuanzia ramani hadi glasi. Bei ninazotaja ni za maduka ya Ufaransa. Za kwetu na za Uingereza nitazifikia mbele.

Kwa nini Rhône na si Bordeaux au Bourgogne, majina makubwa ya mvinyo wa Ufaransa? Kwanza kuna jua la kutosha. Zabibu zinaiva karibu kila mwaka, kwa hiyo hata chupa ya bei ya chini haina ule uchachu wa tunda bichi. Pili kuna Mistral, upepo mkali wa kaskazini unaoteremka bondeni na kukausha majani baada ya mvua, hivyo ukungu na kuvu havipati nafasi kirahisi na mkulima anatumia dawa kidogo. Tatu, eneo ni kubwa na mvinyo ni mwingi. Bourgogne, ambako mtu anaweza kumiliki mistari michache tu ya mizabibu, bei nafuu ni ya kutafuta kwa tochi.

Hatua ya kwanza: ligawe bonde mara mbili

Rhône unaanzia milima ya Uswisi, unapitia Ziwa Geneva, unakatiza Lyon kisha unateremka hadi bahari ya Mediterania. Mashamba tunayoyazungumzia yako kati ya Vienne na Avignon, mwendo wa kilomita 200 hivi. Katikati, karibu na Montélimar, kuna pengo ambapo mizabibu inapungua sana. Juu ya pengo ni Rhône ya kaskazini, chini yake ni ya kusini, na hizi ni nchi mbili zinazotumia mto mmoja.

Kaskazini zabibu nyekundu ni moja tu, Syrah. Milima imesimama wima, mashamba yamechongwa ngazi ngazi na kushikiliwa na kuta za mawe, trekta haipandi, kazi yote ni mikono na mgongo. Majina ya huko ni Côte-Rôtie, Hermitage, Cornas, Saint-Joseph na Crozes-Hermitage. Kwa kazi ile, bei ndogo haiwezekani. Anayekuuzia Hermitage kwa euro 20, muulize maswali.

Kusini ardhi inafunguka. Kati ya zabibu, Grenache ndiye mama mwenye nyumba. Syrah na Mourvèdre wanamsaidia, Cinsault na Carignan wanapita pita jikoni. Mashine zinaweza kuvuna sehemu nyingi, na sehemu kubwa sana ya mvinyo wa Rhône hutoka huku. Ukitafuta thamani ya pesa yako, anza kusini.

Kaskazini kuna vichochoro viwili tu vya bei nafuu ninavyovijua. Cha kwanza ni Crozes-Hermitage, kubwa kuliko majirani zake wote wa kaskazini, ambalo mashamba yake mengi yako tambarare. Chama cha ushirika cha Cave de Tain, kilichoanzishwa mwaka 1933, ni mahali pazuri pa kuanzia. Cha pili hakijulikani sana: tafuta lebo iliyoandikwa "Collines Rhodaniennes". Hiyo ni daraja la chini kisheria, IGP, lakini wakulima wakubwa wa Côte-Rôtie na Saint-Joseph hutumia jina hilo kwa Syrah ya mashamba yaliyo nje kidogo ya mpaka au ya mizabibu michanga. Mikono ni ileile, bei ni nusu au pungufu yake.

Hatua ya pili: ielewe ngazi

Ufaransa hupanga mvinyo kwa mahali ulikotoka. AOC ni hati ya serikali inayosema zabibu hizi zimetoka hapa, za aina hizi, zikavunwa kwa kiwango hiki. Kusini mwa Rhône ngazi ina vidato vinne.

Chini kabisa ni Côtes du Rhône, hati ya mwaka 1937, inayohusu vijiji zaidi ya 170. Bei ni euro 6 hadi 10. Juu yake ni Côtes du Rhône Villages, vijiji vichache zaidi na masharti makali kidogo. Kidato cha tatu ni Côtes du Rhône Villages iliyoongezewa jina la kijiji au eneo, kwa mfano Séguret, Visan au Plan de Dieu; euro 8 hadi 13. Juu ni wale wanaoitwa cru, ambao lebo yao haihitaji tena maneno Côtes du Rhône: Vinsobres, Rasteau, Cairanne, Laudun, Lirac, Beaumes-de-Venise, Vacqueyras, Gigondas, na kileleni Châteauneuf-du-Pape.

Kinachobadilika unapopanda si sifa peke yake. Mavuno yanabanwa. Châteauneuf hairuhusiwi kupita hektolita 35 (lita 3,500) kwa hekta, ilhali Côtes du Rhône ya kawaida inaweza kufika 50 na ushei. Mzabibu ukizaa kidogo, tunda linakuwa na ladha nzito zaidi. Kwa hiyo ngazi ina ukweli ndani yake, siyo porojo ya wauzaji. Ila bei hupanda kwa kasi kuliko ladha. Kutoka euro 7 kwenda 12 utaisikia tofauti hata ukiwa na mafua. Kutoka 30 kwenda 60, mimi mara nyingi naambiwa ipo.

Ndiyo maana kidato cha tatu ndicho ninachonunua mara nyingi kuliko vyote.

Neno moja kuhusu Châteauneuf, maana ndiyo inayopandisha bei za jirani zake. Jina linatokana na mapapa wa Kanisa Katoliki waliohamia Avignon kuanzia mwaka 1309 na kujijengea ngome kijijini hapo. Mwaka 1923 mkulima na mwanasheria aliyeitwa Baron Le Roy aliongoza wenzake kuandika masharti ya jinsi mvinyo wao unavyopaswa kutengenezwa, na kutoka hapo ndiko ulikochipukia mfumo wa AOC wa Ufaransa nzima. Wanalilinda jina lao kwa wivu mkubwa. Mwaka 1954 meya wa kijiji alitoa amri ya kupiga marufuku visahani vya angani kutua kwenye ardhi yao, na chombo kitakachothubutu kikamatwe. Mpaka sasa hakijakamatwa hata kimoja, kwa hiyo amri inafanya kazi.

Mtego wa Châteauneuf ni ile ya bei poa. Mwaka wangu wa kwanza nilinunua moja ya euro 19 kwenye duka la watalii, chupa nzito yenye nembo ya funguo za papa, nikaipeleka kwa wenyeji wangu nikijiona mtu. Ilikuwa nyepesi, tamu tamu, halafu inachoma koo. Mwenye nyumba alikunywa funda mbili kwa heshima, akaenda kabatini akatoa Rasteau ya euro 9. Hakusema neno, na hakuhitaji. Jina kubwa kwa bei ndogo maana yake ni kwamba kuna mtu amekuuzia jina na kubaki na mvinyo mzuri wake.

Hatua ya tatu: hamia kwa jirani

Hii ndiyo hatua ya kutulia nayo. Kila jina ghali lina jirani wa bei nafuu, na kazi yako ni kuwajua jirani hao.

Jirani wa Châteauneuf ng'ambo ya mto ni Lirac, tumeshaiona. Ilipata hati yake mwaka 1947, na bado watu wengi hawaijui kwa sababu imekaa karibu na Tavel inayosifika kwa mvinyo wa rangi ya waridi (rosé). Kwangu mimi hii ndiyo biashara nzuri kuliko zote za kusini.

Jirani za Gigondas ni Sablet na Séguret, vijiji vilivyo chini ya vilima vilevile vyenye miamba iliyochongoka kama meno, Dentelles de Montmirail. Gigondas ilitoka kwenye kundi la vijiji na kuwa cru mwaka 1971, na leo chupa ni euro 18 hadi 28. Vacqueyras ikafuata mwaka 1990. Kisha Vinsobres na Beaumes-de-Venise katikati ya miaka ya 2000, Rasteau kwa mvinyo mwekundu mkavu mwaka 2010, Cairanne mwaka 2016, na Laudun mwaka 2024.

Itazame orodha hiyo kama mfanyabiashara wa viwanja anavyotazama barabara inayojengwa. Kijiji kikipandishwa daraja, bei haipandi siku hiyohiyo. Wateja wa zamani wapo, stoo imejaa, jina jipya halijazoeleka. Kuna miaka kadhaa ambapo unalipa bei ya kijiji na kunywa cru. Gigondas dirisha hilo limefungwa zamani. Cairanne linaelekea kufungwa. Masharti yake yanalazimisha kuvuna kwa mikono, jambo linaloonekana ndani ya glasi, kwa hiyo chupa ya euro 12 au 13 ukiikuta ichukue. Laudun ndiyo kwanza limefunguliwa.

Vinsobres nayo ina sababu yake. Iko juu, kaskazini mwa kusini kama naweza kusema hivyo, mashamba yanapanda hadi karibu mita 500, usiku kuna baridi. Syrah inafurahi huko. Wasiopenda uzito wa Grenache waanzie hapa.

Kati ya majina ambayo bado hayajapandishwa, mimi naweka macho kwenye Visan, Séguret, Signargues na Plan de Dieu. Hilo la mwisho maana yake ni Uwanda wa Mungu. Inasimuliwa kwamba zamani palikuwa msitu wenye majambazi, na msafiri aliyepita alijikabidhi kwa Mungu. Leo ni uwanda wa mawe na mizabibu mpaka macho yanachoka, na mvinyo wake una nguvu, mweusi, wa kula na nyama.

Nje kabisa ya ngazi kuna majirani wa pembeni: Ventoux, Luberon, Costières de Nîmes, Grignan-les-Adhémar. Hiyo ya mwisho zamani iliitwa Coteaux du Tricastin, ikabadilisha jina mwaka 2010 kwa sababu ya kituo cha nyuklia chenye jina hilohilo. Ungekuwa wewe usingebadilisha? Ventoux ndiyo ninayoisifia zaidi. Mashamba yako kwenye miguu ya mlima wenye urefu wa mita 1,900 na kidogo, hewa baridi inateremka usiku, na mvinyo unabaki na uchangamfu hata miaka ya joto kali. Euro 6 hadi 9.

Hatua ya nne: isome lebo kama karani

Chukua chupa mkononi. Usianze na picha ya ngome. Anza na maandishi madogo ya chini.

"Mis en bouteille au domaine" au "au château" maana yake mvinyo umetiwa chupani pale ulipotengenezwa. "À la propriété" ni hivyohivyo, ila vyama vya ushirika pia huruhusiwa kuyatumia maneno hayo, na si aibu. "Dans nos chais" ni kauli ya kuteleza: maana yake "kwenye maghala yetu", na hayo maghala yanaweza kuwa ya mfanyabiashara aliyenunua mvinyo kwa malori. Kisha tazama namba ya posta. Tarakimu mbili za mwanzo ni mkoa: 84 ni Vaucluse, 30 ni Gard, 26 ni Drôme, 07 ni Ardèche, 69 ni upande wa Lyon na Côte-Rôtie. Namba ya mkoa wa mbali inakwambia kwamba aliyejaza chupa si mkulima wa hapo.

Juu ya kofia (ganda linalofunika kizibo) ya chupa zinazouzwa Ufaransa mara nyingi kuna duara lenye sura ya Marianne, mwanamke aliye alama ya Ufaransa, na herufi moja. R ni mvunaji mwenyewe au ushirika wake. N ni mfanyabiashara.

Lakini usimdharau mfanyabiashara. Nyumba kama Guigal, Chapoutier na familia ya Perrin hununua zabibu na mvinyo kwa wingi na kuuchanganya kwa ustadi, na Côtes du Rhône zao za kawaida ni salama mahali popote duniani. Guigal hutia Syrah nyingi kuliko kawaida ya daraja lile. Chapoutier utaitambua kwa vidole: tangu mwaka 1996 lebo zake zina maandishi ya Braille, ya wasioona. Tatizo ni yule mfanyabiashara asiye na jina, aliyejibandikia jina la ukoo wa kubuni na picha ya mnara.

Maneno ya kupuuza: "Vieilles vignes", yaani mizabibu mizee, hayana umri uliowekwa na sheria, kwa hiyo mzee wa mmoja ni kijana wa mwingine. "Grand vin", "Prestige" na "Réserve" kwenye chupa ya Rhône ni mapambo. Medali ya dhahabu ina uzito kidogo, lakini jua kwamba sheria ya Ufaransa inaruhusu shindano kutoa medali hadi kwa thuluthi moja ya mivinyo iliyoshiriki. Darasani kwetu thuluthi ya kwanza ilikuwa na wengi tu wa kawaida.

Usisahau asilimia ya kileo. Kusini 14 hadi 15 ni kawaida. Grenache inalimbikiza sukari na sukari ndiyo inayogeuka kileo. Ukipenda mvinyo mwepesi, tafuta 13 au 13.5, na hapo utaangukia kaskazini, Ventoux, au mwaka wa baridi.

Hatua ya tano: tazama mwaka, lakini usiuabudu

Kusini, 2016 ulikuwa mwaka wa kipekee, 2015 na 2019 ni mizuri sana, 2020 umetulia. 2017 mavuno yalikuwa machache. 2018 mvua za masika zilileta ukungu na wakulima wengi, hasa wasiotumia dawa za viwandani, walipoteza zabibu nyingi. 2021 baridi kali ya Aprili iliunguza machipukizi, na mvinyo ni mwepesi kuliko kawaida. Wapo wanaoupenda kwa sababu hiyohiyo. 2022 ulikuwa wa joto na ukame.

Kwa chupa ya euro 8 mwaka mzuri si hoja kubwa, umri ndio hoja. Côtes du Rhône na Villages zinywe ndani ya miaka minne hivi tangu kuvunwa. Hazikutengenezwa ili zisubiri. Ukiona Côtes du Rhône ya miaka tisa imepunguzwa bei rafuni, hiyo si bahati, ni mzigo uliolala. Cru kama Vinsobres, Lirac au Gigondas zinaweza kungoja miaka mitano hadi kumi, mradi zilikolala hapakuwa na joto.

Hatua ya sita: nunua mahali panapostahili

Ukiwa Ufaransa au ukipita huko, nenda kwenye chama cha ushirika cha kijiji. Karibu kila kijiji cha kusini kinacho, na kwa Mtanzania mfumo wenyewe si mgeni, ni kama AMCOS ya kahawa au korosho: wakulima wanaleta zabibu, zinapimwa uzito na utamu, wanalipwa. Tofauti ni kwamba hapa ushirika wenyewe unakamua, unachachusha na kuuza.

Jumamosi moja niliingia kwenye ushirika wa kijiji kimoja cha Vaucluse. Ukutani kulikuwa na pampu tatu, mabomba yenye bastola kabisa, kama za sheli. Mzee mbele yangu alikuja na madumu mawili ya lita kumi, akachagua nyekundu, akapachika bastola kwenye mdomo wa dumu, namba zikaanza kukimbia kwenye kioo. Chini ya euro 3 kwa lita. Yule mama wa kaunta alinimiminia kidogo cha pampu hiyo, halafu bila kuulizwa akanimiminia Villages yao ya chupa, halafu cru. Akaniuliza nimesikia nini. Nikasema ya pili. Akacheka: "Hata mimi hiyo ndiyo napeleka nyumbani." Chupa ilikuwa euro 8. Kuonja hakulipiwi, ila adabu ni kununua hata mbili.

Septemba kila mwaka maduka makubwa ya Ufaransa hufanya "foire aux vins", gulio la mvinyo la wiki mbili tatu, na bei za cru hushuka kweli. Siku mbili za kwanza ndizo za maana, baadaye yanabaki makapi. Na ukiona kwenye kofia ya chupa alama ya mtu aliyebeba pipa begani, huyo ni mwanachama wa wakulima huru, anayelima, kutengeneza na kuuza mwenyewe.

Nje ya Ufaransa hesabu inageuka, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Ushuru wa Ufaransa kwenye chupa moja ni kama senti tatu za euro. Uingereza, tangu mwaka 2025, chupa ya asilimia 14.5 inatozwa zaidi ya pauni 3 kabla ya VAT, na kadiri kileo kinavyopanda ushuru unapanda. Ushuru huo haujali kama ndani kuna mvinyo wa euro 2 au wa euro 20. Chupa, kizibo, katoni na nauli ya meli navyo ni vilevile. Kwa hiyo kwenye chupa ya pauni 8 iliyouzwa London, mvinyo wenyewe ni kipande kidogo sana cha pesa yako. Ukiongeza pauni 4, karibu nusu yake inaweza kwenda kwenye mvinyo. Ushauri wangu kwa walio Uingereza: ruka Côtes du Rhône ya bei ya chini kabisa, panda kidato kimoja au viwili, simama hapo.

Nairobi na Dar hali ni ngumu zaidi. Mzigo unatoka mbali, kodi zinapangana, VAT ni asilimia 16 Kenya na 18 Tanzania Bara, na rafu zimejaa mvinyo wa Afrika Kusini ambao kwa bei hiyohiyo mara nyingi utakupa zaidi. Nasema kweli: kwa kunywa kila wiki, nunua Afrika Kusini, au uwape nafasi watu wa Dodoma, ambako Syrah nayo inalimwa. Rhône ifanye ya siku maalumu, na ununue kwa nyumba kubwa nilizotaja au muagize mtu anayesafiri akuletee Lirac mbili kwenye begi, zimefungwa ndani ya kanga.

Kabla hujalipa, ikague chupa. Kizibo kisiwe kimeinuka kuzidi mdomo. Kikiinuka, mvinyo ulipata moto ukapanuka. Kofia izunguke kidogo ukiishika, ikiganda kwa utomvu ujue ilivuja. Chupa ya kwenye dirisha linalopigwa na jua iache hapo hapo, hata iwe nusu bei. Niliwahi kununua ya dirishani kwenye duka moja la mjini. Ilinukia zabibu kavu zilizochemshwa, na kilichobaki tulitilia mchuzi.

Hatua ya saba: onja moja kabla ya katoni

Nunua chupa moja, ifungue nyumbani, inywe na chakula, kisha urudi ukachukue sita. Ukionja, jiulize mambo matatu tu.

Tunda lipo? Grenache inapaswa kunukia matunda mekundu yaliyoiva na majani makavu ya porini, thaimu na rozimari, maana mimea hiyo imeota kila mahali kule. Syrah inaelekea zambarau, zeituni nyeusi na pilipili manga. Hiyo pilipili si mashairi: kemikali inayoitwa rotundoni ndiyo inayonukia kwenye pilipili manga, na imo pia kwenye ganda la Syrah. Mtu wa Pemba au Unguja ataitambua kabla ya Mfaransa.

Ukakasi ukoje? Ule ukavu unaobana ulimi, kama wa ndizi mbichi au chai ya rangi iliyokaa mno jikoni. Ukiwepo kidogo unashika nyama vizuri. Ukizidi mpaka ufizi unakauka, chupa hiyo bado changa au ilikamuliwa kwa pupa.

Kileo kinachoma? Asilimia 14.5 isiyosikika ni kazi nzuri. Inayochoma inakwambia tunda halikutosha kuifunika.

Harufu ya karatasi iliyoloa au gunia lililooza ghalani ni ugonjwa wa kizibo, si ladha ya eneo. Rudisha dukani, muuzaji anayejiheshimu anabadilisha.

Hatua ya nane: poza kwanza

Ushauri wa kunywa mvinyo mwekundu "kwa joto la chumba" ulitoka kwenye nyumba za mawe za Ulaya zisizo na hita. Chumba cha Temeke ni nyuzi 30. Kwa joto hilo Grenache yoyote, hata ya euro 40, itanukia spiriti. Nyuzi 16 au 17 ndizo zake. Iweke chupa kwenye friji saa moja na kidogo, au kwenye ndoo yenye maji, barafu na chumvi kwa dakika kumi. Jaribu siku moja kumimina glasi mbili za chupa moja, ya joto na iliyopozwa, umpe mtu bila kumwambia. Atakuuliza ya pili umeinunua wapi.

Kwa chakula, mbuzi wa kuchoma na Plan de Dieu au Vacqueyras hawahitaji mshenga. Pilau ya nyama inaelewana sana na Syrah, pilipili manga inamtambua mwenzake. Angalia pilipili kali tu: kileo kingi kinaichochea, na kuku wa pilipili kichaa pamoja na Gigondas ya asilimia 15 ni moto juu ya moto. Hapo chukua Ventoux iliyopozwa zaidi kidogo.

Chupa isipoisha, rudisha kizibo na uiweke kwenye friji, itakaa siku mbili hadi tatu. Chupa changa za kusini siku ya pili wakati mwingine zinakuwa laini kuliko ya kwanza. Siku ya nne itie kwenye sufuria ya nyama ya ng'ombe yenye vitunguu vingi na karoti, moto mdogo, saa tatu.